Nilivyomuua Bibi Mwanaidi kwa Kanga Yake Mwenyewe

Jumapili, tarehe 15 Juni. Mawingu yamekalia milima ya Lutindi tangu alfajiri, manyunyu yanakuja yanaondoka, na baridi ni ya kuvaa sweta hata mchana.

Nakiri wazi kwamba nimeaibika, na wala si kidogo, nimeaibika mbele ya mtaa mzima na wageni kutoka Handeni juu yake. Nimeona niandike mapema kabla watu hawajaongeza chumvi, maana wameshaanza, asubuhi kanisani nimesikia kwamba jana nililala ndani ya kaburi nikakataa kutoka. Sikulala kaburini. Kaburi halikuchimbwa kabisa. (Ila nisiwaonee watu, majembe yalikuwa yameshaletwa.)

Mimi ni Mama Kulwa. Babu yangu alitoka Tabora kuja kukata mkonge, akabaki, na mimi nimezaliwa hapa hapa kambini, Tabora sijaiona na Kinyamwezi ninachokijua ni salamu na matusi. Lakini kwa watu wa huku mimi ni Mnyamwezi tu, na Wazigua ni watani wetu, na utani huo una kazi yake. Mzigua akifariki, sisi ndio tunaovaa nguo zake, tunatembea kama yeye, tunaongea kama yeye, tunawagombeza waombolezaji kwa sauti yake mpaka watu wacheke katikati ya machozi. Masheikh wengine hawapendi, na sibishani nao, wana sababu zao, ingawa nimeshamwona mmoja amegeukia ukuta mabega yanatikisika. Mtaani kwetu anayeitwa kwa kazi hiyo ni mimi. Shule niliachia kidato cha pili na mambo mengi nayashika nusu nusu, ila kumwigiza mtu, hapo sijifichi, najua. Kila mtu anafahamu kwamba ukimwona Mama Kulwa amevaa nguo zako, basi wewe huna tena nafasi ya kuzidai. Hilo nalijua kuliko wote, na ndilo nililolisahau.

Sasa Bibi Mwanaidi. Huyu ni Mzigua, asili yake Mazingara huko Handeni, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Yeye ananiita mpagazi wake, mimi namwita mtumwa wangu, na hakuna siku tumemaliza bila kutukanana vizuri. Mwaka jana nilipojiunga na darasa la watu wazima wanaotaka kufanya mtihani wa kidato cha nne, yeye ndiye aliyesema atakaa na pacha wangu, Kulwa na Doto, kila siku ya masomo, kwa sababu baba yao ni dereva wa malori na nyumbani anafika kama mgeni. Bila Bibi mimi sina darasa, nalisema hivyo hivyo lilivyo. Na mwanawe Omari, mkulima huko Mazingara, hapendi mpango huu hata kidogo. Anasema mama yake ni mzee, apumzike kwao, asiwe yaya wa mwanafunzi mwenye ndevu (ndevu sina, lakini nimemwelewa). Alishanionya mbele ya mama yake kwamba siku atakayosikia nimemletea usumbufu hata mara moja, atakuja kumchukua moja kwa moja. Na nikimwangalia kwa haki, nusu ya maneno yake ni kweli.

Darasani Kiingereza anatufundisha Mwalimu Eliza, ambaye kwa umri angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Muhula huu tunasoma fasihi, hadithi ambazo mtu anasema mimi, mimi, toka mwanzo hadi mwisho, na mwalimu anatuuliza, huyu mimi ni nani, ametoka wapi, mmejuaje kwa namna anavyoongea? Wenzangu waliona gumu. Mimi nilifurahi mpaka nikajishuku, maana hiyo ni kazi yangu ya misibani miaka yote, sema hakuna aliyeniambia kwamba ni elimu. Basi akatupa zoezi, Jumamosi kila mmoja aje na mtu wa nyumbani kwake, asimame mbele, aongee kwa sauti ya mtu huyo, kwa Kiingereza. Sikuwaza mara mbili. Bibi Mwanaidi.

Ijumaa Bibi akasafiri kwenda Mpale kumwona kitukuu aliyezaliwa. Akaniachia simu yake inachaji kwangu kwa kuwa kwake umeme ulikuwa umekatika, akaisahau, na kanga zake alizofua zikabaki kwenye kamba yangu. Fimbo yake ya nyumbani nayo ilikuwa mlangoni kwake, maana ya safari ni ile mpya aliyonunuliwa na Omari. Nikaona Mungu mwenyewe ameniandalia vifaa. Jumamosi asubuhi pacha wakaenda mazoezi ya kwaya, mimi nikavitoa vile vitu ili niviweke kwenye mfuko, na hapo ndipo ulipokuja ule uamuzi mdogo: kulikuwa na manyunyu, mfuko wenyewe umetoboka, nikasema si nivae tu, nijizoeze njiani.

Nikavaa. Kanga moja kiunoni, moja kichwani, fimbo mkono wa kushoto, na nilipotoka getini nilikuwa tayari natembea kama Bibi, hatua tatu, nasimama, nalitazama goti kwa hasira, naendelea.

Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa Hamisi wa bodaboda. Aliponiona alizima pikipiki, akavua kofia, akainamisha kichwa, akaniambia pole sana mama. Nikaona kijana mzuri huyu, anaingia kwenye mchezo. Nikamjibu kwa sauti ya Bibi kwamba avae kofia yake, mafua hayajui nani ana adabu. Hakucheka, akajifuta macho. Mbele kidogo akina mama wanaochoma maandazi walinyamaza wote kwa pamoja, mmoja akaweka mikono kichwani, na mimi (sijui nifiche uso wapi ninapoandika haya) nikajisifu moyoni, nikasema kumbe nimefikia kiwango hiki, hata sijafungua mdomo watu wameguswa.

Darasani nilisimama wa tatu. Nilikuwa nimekariri wiki nzima. Nikasema kwa Kiingereza kwamba mimi ni bibi kizee wa Handeni, kwamba ninaheshimu mila zangu, kwamba vijana wa leo wazingatie elimu na wawatii wazazi. Sikukosea hata neno. Vijana wakapiga makofi, na kwa mwendo tu walikuwa wameshacheka tangu mlangoni. Mwalimu Eliza akasubiri makofi yaishe.

"Mama Kulwa," akasema, "mwendo ni wa mtu, ninamwona kabisa. Lakini maneno ni ya bango la ofisini. Bibi anaongea hivi?"

Nikasema haongei hivyo, ila kwa Kiingereza niliona ndiyo itakuwa heshima.

"Na wewe mwenyewe uko wapi humo?"

Nikatazama ubaoni kama jibu limeandikwa huko. Akaniambia nirudie Jumamosi ijayo. Mwalimu hakuwa mkali, niwe mkweli, alisema kwa upole, lakini niliondoka nimevimba. Kuna kitu nilikiacha makusudi. Bibi huwa anaongea na goti lake linalouma, analiita mgeni, analigombeza barabarani mbele za watu kama mtu aliyekuja kusalimia akahamia. Nilipokuwa naandika nilifikiri kwamba kwenye Kiingereza hakuna watu wanaogombana na magoti, nikalifuta. Masomo yalikwisha jioni, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nalifikiria hilo goti, ndiyo maana sikukumbuka hata kuvua zile kanga.

Nilipokata kona ya kwetu nikaona turubai.

Turubai uani kwa Bibi, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, kuni zimeshushwa, viroba vya unga na maharage vimeegemezwa ukutani. Nikaingia mbio. Nikawaza watoto wangu, nikawatafuta kwa macho, nikawaona mlangoni kwa Bibi wanamenya miwa, nikamshukuru Mungu. Kabla sijamaliza kushukuru, Omari akanijia, Omari yule yule wa kunionya, macho mekundu, suruali yote tope la njiani, akanishika mikono yote miwili.

"Mama Kulwa, mama ametuacha."

Na mimi niliamini. Mnaweza kunicheka, wote wameshanicheka. Sikuuliza nani kasema, alifia wapi, saa ngapi. Nani anauliza hivyo mbele ya turubai? Waliniambia simu ya Bibi imepigwa mchana kutwa haipokelewi (ilikuwa inaita juu ya meza yangu, mlango umefungwa), ya mjukuu wa Mpale haipatikani, na gari linatafutwa la kwenda kuchukua mwili. Nikaona basi, ndivyo vifo vinavyokuja. Nikalia pale pale nimesimama, nikalia kweli, na katika kulia nikasikia mwanamke mmoja anamwambia mwenzake, "Mtani keshafika, na kumbe keshavaa." Wakanipisha.

Nikajitazama. Kanga zake, fimbo yake. Nikasema Mungu amenivisha mapema kwa makusudi, na kazi hii nikishindwa leo kwa huyu, nisiifanye tena kwa mtu mwingine.

Nikagonga fimbo chini. Hatua tatu, nikasimama, nikaliinamia goti.

"Twende, mgeni," nikaliambia. "Ulikuja kusalimia tu, mwaka wa ngapi huu, na hata kuaga huagi."

Uani kote kicheko kikapasuka kikiwa na vilio ndani yake, kama inavyotakiwa. Nikakohoa mara mbili, kile kikohozi cha Bibi anapotaka kumkatalia mtu, nikamgeukia Omari nikamwambia mwanangu unanililia leo, hizi kanga nilipokuwa ndani yake mbona hukuja kunililia? Akainama, anacheka, kamasi zinamtoka. Nikawagombeza wapika uji kwamba sukari waliyoiweka ni nyingi, ya kuombea kura. Halafu, sijui ilitoka wapi, nikajikuta nasema kwa sauti ile ile ya Bibi, "Na yule mpagazi wangu mwambieni asome. Sikulea watoto wake ili yeye akakae barazani." Nikajifuta uso kwa upindo wa kanga yake.

Hapo ndipo kilio kipya kikatokea barabarani. Huku kwetu ukifika msibani unaanza kulia kwanza, ya kuuliza nani amefariki yanakuja baadaye, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuona bibi mmoja amejitanda kanga mpaka machoni, ana mkungu wa ndizi kichwani, anaingia huku anaomboleza. Wakampokea ndizi, wakampokea na mwenyewe, wakamkalisha mkekani, wanawake wawili wakamkumbatia wakalia naye. Analia, wajukuu zangu, wajukuu zangu, nimewaacha wazima. Mimi nikaona msiba umekolea, nikaongeza sauti.

Yule bibi akapenga kamasi, akashusha kanga, akainua uso. Akajiona mwenyewe amesimama mbele yake na fimbo.

Akakohoa mara mbili.

Hicho kikohozi kila mtu pale alikuwa anakijua. Wale wawili waliokuwa wamemkumbatia walitoka mkekani bila kugusa chini, nguzo moja ya turubai ikaenda nao, mzee mmoja akaanza kusoma dua kwa sauti ya juu sana, na mimi nilibaki pale pale mguu mmoja umekunjwa.

"Mpagazi," Bibi akasema. "Nani amekufa?"

Sikuwa na sauti yoyote, yake wala yangu. Nikasema, "Wewe, Bibi."

"Mimi? Lini?"

Basi jambo likaanza kufuatiliwa. Omari alipigiwa na binamu yake, binamu aliambiwa na mama wa maandazi, mama wa maandazi aliambiwa na Hamisi, na Hamisi akaletwa mbele. Akajitetea kwamba yeye hakutamka mtu kufariki, alisema tu amemwona Mama Kulwa amevaa nguo za Bibi Mwanaidi, mengine watu wamemalizia wenyewe. Na hilo ni kweli tupu, sina ubishi nalo. Macho yote yakarudi kwangu.

Nikaeleza. Nilivua kanga ya kichwani kwanza, sijui kwa nini, niliona siwezi kusema nikiwa nayo. Sikuiga mtu yeyote. Nikasema nilipewa zoezi la darasa, nikamchagua Bibi kwa sababu ndiye mtu ninayemsikia zaidi ya wote, nikavaa nguo zake bila ruhusa, nikasahau mimi ni nani mtaani hapa, na wote mliolia mmelia kwa ajili yangu. Sauti ilitetemeka kama ya mtoto, na ilikuwa ndogo, wa nyuma wakadai hawasikii, ikabidi nirudie yote tangu mwanzo. Hakuna adhabu mbaya kama kurudia.

Omari alikuwa ameacha kulia. "Umemuua mama yangu kwa sababu ya Kiingereza," akasema, taratibu kabisa. Halafu akamgeukia mama yake. "Mama, funga vitu vyako. Kesho tunaondoka."

Sikumlaumu na wala simlaumu sasa. Mtu ametoka Mazingara kwenye manyunyu analia njia nzima juu ya pikipiki, halafu aambiwe lilikuwa zoezi. Nikajua darasa langu limeishia pale, nikaanza kumkunjia Bibi kanga zake.

Bibi akaomba maji, akanywa. Akaniambia niendelee pale nilipofika, kwenye goti. Nikamwambia siwezi, yupo ananitazama. Akasema nimeshakufa, unaogopa nini. Nilishindwa kabisa, mkono hauendi, na nimegundua kwamba mtu aliye hai, akikutazama, anachukua sauti yake yote. Akasema basi lete ile ya shuleni. Ile ikatoka, maana ilikuwa ya kukariri, nikasimama katikati ya turubai lililoanguka upande nikasema Kiingereza changu chote, mila, elimu, vijana watii. Bibi Kiingereza hajui, lakini alisikiliza kichwa amekiinamisha mpaka mwisho.

"Huyo ni nani?"

"Ni wewe, Bibi."

"Huyo siye mimi. Huyo anaomba kazi." Watu wakacheka, hata yule mzee wa dua. "Mimi ni yule wa goti. Nilimsikia toka barabarani, nikasema nani tena huyo anaongea na mgeni wangu."

Kisha akamwambia Omari maneno ambayo nimeyaweka kichwani jinsi yalivyo. "Huko Mazingara siendi. Nikifia huko nani ataniigiza? Nyie mtanisifu tu."

Omari akasema mama, amekuaibisha. Bibi akasema amenitania, na utani hauna kesi, una faini. Akanitoza jogoo, yule mwekundu ninayempenda, bila mjadala. Omari naye, Bibi akamtoza aje kumsalimia kila mwezi bila kusubiri turubai. Omari akaangalia tope kwenye suruali yake, akaanza kucheka mwenyewe polepole, na alipoanza yeye wakaanza wote. Kuhusu viroba, watu walipotaka kuvibeba kurudi navyo, Bibi akavizuia akasema aliyetoa ametoa, msiba wake umeshaliwa machozi na unga utaliwa pia.

Leo asubuhi Omari, kabla hajaondoka, alikaza bawaba ya mlango wa mama yake iliyokuwa inalegea, akapita kwangu. Nilijiandaa kwa maneno makali. Akaniambia, "Mnyamwezi, ukifeli huo mtihani nakuja kukuzika wewe, na nguo zako nitavaa mimi." Nimeshukuru zaidi kuliko kama angenisamehe kwa maneno mazuri.

Sijui bado kama ile ndogo iliyotetemeka ndiyo sauti yangu au ilikuwa woga tu, Mwalimu Eliza ataamua, yeye amesoma. Jumamosi nitasimama tena, nitaanza na mimi mwenyewe, mjukuu wa mkata mkonge ambaye Tabora hajaiona, halafu nitaleta na goti, hata kama Kiingereza chake kitakuwa cha kuokoteza. Bibi ameruhusu, kwa sharti nimweleze kwanza kila neno nitakalomsemesha. Lakini nguo ya mtu aliye hai, hata sweta, hata ndala, hata mvua iwe ya mawe, sivai tena mpaka naingia kaburini, na huko watanivisha wao.

Jioni hii tumekula ugali wa unga wa msiba na jogoo wangu mwekundu, pacha wakagombania mapaja. Firigisi amechukua Bibi, amesema ni haki ya marehemu.